Mtu wa Picha na Moshi wa Nyumba ya Garland

Ghuba ya Tolliver,
Newfoundland,
3 Machi.

Kwa kaka yangu mpenzi Garland,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote tuliobaki hapa, ambao siku hizi tukikaa kanisani tunajaza benchi tatu tu. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Alberta, kile kifua kimeachia, na goti la wifi Marlene limepungua uvimbe. Watoto je? Waambie shangazi yao anawafumia soksi, ila sufu imechelewa kwa sababu feri haikufika wiki nzima kwa ajili ya barafu. Mimi sijambo. Mgongo ni ule ule. Usingizi ndio unaonikimbia, na sababu yake utaiona ukiwa na subira.

Barua yako niliipata, nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Unasema Dulcie alikupigia simu siku ile ile nyumba yako ilipoungua, akakuambia aliyeiteketeza ni yule mpiga picha. Unataka niandike yote niliyoyaona juu yake, niweke sahihi, uwapelekee polisi ashitakiwe. Unasema shahidi mzuri kuliko wote ni mimi, kwa vile mtu huyo alilala chini ya paa langu wiki tano. Ni kweli. Basi naandika. Ila nitaandika kwa utaratibu wangu, tangu alipokanyaga gati, na nakuomba kaka usiruke mistari kama unavyofanya na magazeti. Soma mpaka chini.

Alishuka kwenye feri wiki ya pili ya Januari. Nani mwenye akili zake anakuja huku Januari? Watalii tunawajua. Huja Julai na suruali fupi, wanapiga picha mabanda ya samaki, wanauliza choo kiko wapi, wanaondoka. Huyu kashuka siku upepo unakata masikio: mrefu, mwembamba, kapita sitini, ndevu zimeganda, mgongoni kabeba sanduku la kamera na begani miguu mitatu ya mbao ya kuisimamishia. Jina lake Lucien Arbour, mtu wa pwani ya New Brunswick. Akaniuliza kama nina chumba cha kupangisha. Nikamwambia kipo, ila anatafuta nini huku? Akasema amekuja kupiga picha za bahari wakati wa baridi. Nikamwuliza, kwani kwenu bahari haina baridi? Akacheka tu. Mtu anayecheka badala ya kujibu, mimi namwekea jicho.

Na jicho nilimwekea kweli. Jua likitoka, mbingu safi, sisi tunaanika blanketi, yeye anakaa jikoni kwangu anachonga penseli. Hali ikichafuka, ndipo anavaa buti. Alikuwa akitoka alfajiri kupanda Rasi ya Kondoo, anasimamisha kamera, anajifunika kichwa kwa kitambaa cheusi, anakaa huko saa tatu, anarudi kapiga picha moja. Moja, Garland! Nilimwambia, baba, mimi kwa saa tatu ningekuwa nimepasua samaki wa mapipa mawili. Akasema anangoja bahari ifuke mvuke, zile asubuhi za baridi kali maji yanapotoa moshi mweupe na mwamba unaonekana nusu. Nikajisemea, makubwa haya. Mvuke si hata sufuria yangu ya viazi inao?

Halafu ile kamera. Akirudi nayo haingizi ndani. Anaifunga kwenye mfuko wa plastiki, anaiacha kwenye kibaraza cha baridi saa nzima, ndipo anaisogeza kidogo kidogo. Siku moja nikamwonea huruma, nikamwambia ailete karibu na jiko ipate joto. Aliruka kama nimemwambia aitupe kisimani! Eti joto la ghafla litaijaza unyevu ndani ya lenzi, iharibike. Betri za kipimo chake cha mwanga nazo alizibana kwapani zisife kwa baridi, akawa anakunywa chai kwa mkono mmoja kama kuku aliyevunjika bawa. Niliyaona yote hayo nikasema hapana, mtu mwenye mambo safi hana masharti mengi hivi.

Dukani kwa Mzee Hayward ndiko nilikokwenda kulisema, na nikakuta wenzangu wamenitangulia. Dulcie alikuwa kakalia debe lake la siku zote. Akanidaka mlangoni: "Effie, bibi wee! Umefuga jasusi unamkaangia mkate!" Mzee Hayward akasema amwache, huenda mtu ni mpweke tu, kafiwa. Dulcie akamjibu kwamba wapweke wanafuga paka, hawapandi rasi alfajiri. Kisha akashusha sauti, ingawa dukani tulikuwa watu watatu, akasema ni mtu wa serikali. Amekuja kuhesabu dohani.

Hapo nikaweka kikapu changu chini. Unakumbuka nilivyokuandikia wakati wa Krismasi: kumevuma kwamba serikali inataka kuikata feri ya majira ya baridi, na kwamba watapima kwa nyumba zinazokaliwa Januari na Februari. Zikiwa pungufu ya kumi na moja, feri hakuna. Na feri ikikoma, daktari hakuna, mafuta hakuna, tutapakiwa kama viazi tukatupwe kwenye vyumba vya ghorofa mjini. Zinazokaliwa ni kumi. Ya kumi na moja ni yako, Garland, ile aliyoijenga baba kwa mikono yake, inayokungoja ustaafu Juni. Na wewe mwenyewe unajua, wakati wa baridi huhitaji kugonga mlango wa mtu kujua kama yumo. Unatazama dohani tu kama inafuka moshi, na ukiwa Rasi ya Kondoo hakuna dohani ya ghuba hii inayojificha.

Nilirudi nyumbani nikamwuliza usoni kama yeye ni mtu wa serikali. Akasema alikuwa mwalimu wa hesabu, amestaafu. Hesabu! Nikamtazama nikaona kweli, wamemtuma anayejua kujumlisha. Siku hiyo hiyo, akila, akaniuliza ile nyumba ya mwisho yenye madirisha ya kijani kama ina mtu. Nikamwambia ina mtu, kaka yangu, ila analala sana. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula samaki wake. Nilitaka kumpokonya sahani.

Alikuwa na daftari dogo. Alipokwenda kuoga nilifungua, na sioni haya kukuambia, maana nyumba ni yangu. Kila ukurasa una tarehe, saa, na namba. Januari yote naona 11, 11, 11, mara chache 16, nikadhani siku hizo kahesabu na mabanda. Nikapumua. Nikasema ashukuriwe Mungu, amekuhesabu na wewe. Lakini mwezi ulipogeuka nikaona 8. Kesho yake tena 8. Nilikaa kitako juu ya kitanda chake na lile daftari mapajani. Mtu kagundua nyumba yako haina moshi, na nyingine mbili sijui kaziona na kasoro gani.

Tangu kesho yake, dohani yako ikaanza kutoa moshi.

Ghuba nzima iliona. Mzee Hayward alimwuliza kila aliyeingia dukani: "Nani anachoma kuni kwa Garland?" Wakaniuliza na mimi, kwa kuwa ufunguo ninao. Nikasema ufunguo uko msumarini pake, sijui. Dulcie akasema hapa hakuna fumbo, ni mtu wa picha huyo, anaingia kwa mlango wa nyuma kuotea moto na kuosha picha zake za kijasusi. Panapofuka moshi hapakosi moto, akasema, na panapokosekana mwenyeji hapakosi mwizi. Wakataka kumwendea. Nikawazuia, nikasema tumwache mpaka tumkamate. Basi wakaacha kumsalimia. Mzee Hayward akaanza kumwambia sukari imekwisha huku gunia analiona. Yeye akawa anavua kofia yake kwa kila mtu kama kawaida, hata kwa Dulcie aliyemtemea mate njiani.

Sasa asubuhi ya moto. Ilikuwa Alhamisi ya tarehe kumi na mbili Februari, baridi ambayo mate yanaganda kabla ya kufika chini. Bahari ilikuwa inafuka kutoka gati mpaka upeo wa macho, ule mvuke wake aliokuwa akiungoja, na yeye alikuwa ameshatoka na kamera tangu giza. Mimi nilikuwa jikoni nakanda unga. Nikasikia mngurumo kama feri inapita juu ya paa. Nilipotoka, dohani yako ilikuwa inatema moto urefu wa mtu, na paa limeshika. Nilipiga kelele sijui nilisema nini. Watu wakaja na ndoo, lakini kisima kilikuwa na barafu ya kupasua kwa shoka, na pampu ya zimamoto mpira wake wa maji umeganda. Tulirusha theluji kwa makoleo. Theluji, Garland, juu ya moto ule!

Na hapo ndipo Dulcie alipomwona Lucien, na hili aliapa mbele ya polisi, nami naapa pia maana nililiona kwa macho yangu. Alitoka nyuma ya nyumba yako akikimbia, kofia hana, uso mweusi kwa masizi, anakohoa, mkono wa kulia umeungua malengelenge. Akawa anatuangalia mmoja mmoja kama mtu aliyechanganyikiwa. Aliponiona mimi akanijia, akanishika mabega yote mawili, akacheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Upo! Upo hapa!" Dulcie akapiga ukelele kwamba jamani tazameni, nyumba ya watu inateketea yeye anacheka. Wanaume wakamshika. Akaniangalia. Nadhani alikuwa anangoja niseme neno, na mimi sikusema. Mpaka saa nne asubuhi, kwenye nyumba ya baba kilikuwa kimebaki jiko na ngazi tatu za mbele.

Polisi alikuja na feri ya Jumanne, kijana mpole kutoka mji mkubwa. Alimhoji jikoni kwangu, mlango wazi. Akamwuliza alifuata nini ndani ya nyumba ile. Lucien akasema aliona moto akiwa rasini akakimbilia kusaidia. Akaulizwa kama alipiga picha asubuhi ile. Akasema alipiga moja, ila filamu imeharibiwa na baridi, imekatika. Ikawa basi. Kijana akafunua lile daftari, na mimi pale mlangoni nikaropoka kwamba atazame namba, kumi na moja na nane, ahesabu mwenyewe dohani. Yule kijana alicheka mpaka akavua miwani. Naye hupiga picha siku zake za mapumziko. Akaniambia, "Mama, hizo ni namba za tundu la lenzi. Ukilibana sana ni kumi na sita, ukilifungua zaidi kwa sababu mwanga hautoshi ni nane." Februari ilikuwa na mawingu, ndiyo maana nane.

Niliomba ardhi ipasuke. Lakini niliendelea kunyamaza. Waliondoka na feri ile ile, Lucien na polisi kwenye benchi moja, ghuba yote imejipanga gatini kumtazama. Hawakumfunga. Wamemwambia akae kwao asiende mbali, wakipata shahidi watamwita. Shahidi huyo ndiye mimi, na karatasi yenyewe ndiyo hii unayoishika.

Ijumaa iliyopita feri ilileta bahasha kutoka New Brunswick. Ndani mna picha moja, filamu yake, na karatasi yenye mistari michache. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Nakunakilia kama ilivyo:

"Bibi Effie. Hii ndiyo picha ya Alhamisi ile. Sikuchapa nyingine. Nilikuona ukiingia, kisha nikajifunika kitambaa kubadilisha filamu, na sikukuona ukitoka. Moto ulipolipuka nilidhani bado umo ndani. Nilipanda mpaka vyumba vya juu nikikuita. Nyumba ni ya ndugu yako, na wa kumwambia ni wewe, si mimi. Mkono unapona. Asante kwa mkate."

Garland, kaka yangu, aliyechoma nyumba yako ni mimi.

Nilikuwa nikiingia kila alfajiri kwa mlango wa nyuma, ule unaotazama rasi, watu wa gatini wasinione. Nilikuwa nawasha jiko la mama, nangoja moshi ushike, narudi kwangu kumkaangia mgeni mkate kana kwamba natoka kitandani. Sikumwambia mtu kwa sababu siri ya watu wawili huku inafika kwa Dulcie kabla ya chai. Na walipomsingizia yeye nikaona heri, wakiangalia kwake hawataangalia kwangu. Ile Alhamisi, juu ya mvuke wa bahari hewa ilikuwa safi, nikajua kamera itaona mbali. Nikataka moshi mweusi, mzito, usioweza kukosekana kwenye picha ya serikali. Nikaenda bandani nikachukua mbao za ile mashua ya baba iliyooza, zenye lami, nikazishindilia zote ndani ya jiko na tundu la hewa nikaliacha wazi. Dohani ile haijafagiliwa tangu mlipohama, miaka tisa. Baba angenichapa kwa kutia hata ubao mmoja tu wa namna hiyo. Nilijua! Binti wa baba yule nimekua nikifagia masizi, nilijua, na bado nikafunga mlango nikaenda kukanda unga.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wiki tano nilikuwa namchungulia mgeni mifuko, nahesabu hatua zake, nanusa koti lake, na hatari ya ghuba hii ilikuwa imevaa aproni yangu. Mtu niliyemwita jasusi alipanda ngazi za nyumba inayoungua akiniita kwa jina. Na mimi, alipotoka akanikuta hai akafurahi, niliacha wamshike. Hilo ndilo linaloninyima usingizi zaidi ya nyumba. Nyumba ningeweza kuilia nikamaliza.

Nitakuambia na ubaya wa mwisho, ili usinihurumie kwa makosa. Ijumaa ile nilifungua mlango wa jiko, nikaishika picha juu ya makaa. Kila kitu kingekwisha. Yeye asingesema, wewe ungeamini, Dulcie angeapa. Kilichonizuia si wema. Nilitaka kuiangalia nyumba mara moja tu kabla ya kuitia motoni, nikasogea dirishani. Pichani bahari imejaa mvuke, mwamba unaelea, na nyumba yetu imesimama kando ya maji, madirisha yote nane, mpaka ule ubao wa kona alioupachika baba kichwa chini siku Mjomba Selwyn alipomtania. Mlangoni kuna mwanamke mdogo kama kidole, kavaa kofia ya marehemu mume wangu Ambrose yenye masikio, amekumbatia mbao. Nikachukua mkasi, nikafikiria kumkata yule mwanamke nikutumie nyumba peke yake. Kukata hapo kunachukua mlango pia, kaka. Hata kwa mkasi sikupata pa kutokea.

Basi nimekuwekea picha humu nzima, na filamu yake pia. Wapelekee polisi vyote pamoja na barua hii, chini nimeweka sahihi kama ulivyotaka. Asubuhi hii, kabla ya kuandika, nilikwenda dukani nikawaeleza Mzee Hayward na Dulcie waziwazi. Mzee Hayward alikaa chini. Dulcie, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliinuka kwenye debe lake kabla ya duka kufungwa, akafunga kitambaa chake akaenda zake. Kuhusu feri sijui itakuwaje. Nyumba ni kumi sasa, wahesabu watakavyo. Lucien nimemwandikia pia, barua fupi kuliko hii na ngumu zaidi, nikamwambia shahidi amepatikana.

Sikuombi unisamehe kwa barua ijayo wala ile ya baada yake. Ukitaka kunitukana nitukane, ila uandike, usikae kimya. Nifikishie salamu kwa wifi Marlene, umwombe asilie sana juu ya yale mapazia aliyoyashona. Wabusu watoto. Kifua chako kikande kwa mafuta ya kitunguu, usitembee kichwa wazi huko kwenye baridi. Mungu akulinde, na Juni ukija, kama utakuja, mimi nitakuwa gatini hata kama hutaki kuniona.

Ni mimi dada yako,

Effie

Sahihi: Euphemia Keeping, aliyewasha moto.